Draivu ya DVD kwa laptopu: ya nje, ya ndani, Blu-ray, au usinunue kabisa?

Laptopu nyingi utakazouziwa Kisumu leo, ziwe mpya au zile za ex-UK (zilizotumika Uingereza), hazina pa kuingizia CD. ThinkPad T430 ilikuwa napo. T440 iliyoifuata haina. HP EliteBook 840 haijawahi kuwa napo tangu toleo lake la kwanza. Upande wa Apple, MacBook Pro ya mwisho yenye draivu ndani ni ile ya inchi 13 ya katikati ya 2012, ambayo iliendelea kuuzwa hadi 2016. Basi mtu anachagua mashine nyepesi, ya kasi, betri inakaa, anafurahi nayo. Halafu mzazi anapigwa CT scan, hospitali inampa picha kwenye CD, na ndipo laptopu inageuzwa pande zote kutafutwa mlango.

Hapo watu hukimbilia dukani na kusema "nipe DVD ya nje", na muuzaji huwapa ya kwanza aliyo nayo. Mimi ningependa uende kwa mpangilio mwingine: tazama kwanza diski ulizo nazo, kisha matundu ya laptopu yako, halafu ndiyo uulize draivu. Kwa njia hiyo wengine mtagundua hamna haja ya kununua kitu, na wengine mtagundua kwamba ile ya bei nafuu mliyokuwa mmeiwekea macho haifanyi kazi mnayoitaka.

Njia ziko nne. Nimeziweka bega kwa bega hapa, maelezo yanafuata.

| Njia | Inamfaa nani | Bei | Kero yake |
|---|---|---|---|
| Draivu ya DVD ya nje, ya USB | Mwenye diski nyingi, au anayetaka kuchoma (kuandika kwenye diski) | Elfu mbili hadi nne hivi, kutegemea jina | Umeme wa USB, kebo dhaifu, bidhaa za kubahatisha |
| Draivu ya ndani ya kubadilisha | Mwenye laptopu ya zamani ambayo draivu yake imekufa | Mara nyingi chini ya ile ya nje, hasa iliyotumika | Unene na soketi lazima vilingane |
| Blu-ray ya nje | Mwenye diski za Blu-ray tayari | Mara kadhaa ya bei ya DVD | Programu, diski tupu |
| Kupeleka diski saiba | Mwenye diski mbili tatu | Shilingi chache kwa diski | Kunakiliwa nusunusu, na siri zako |

Fungua sanduku kwanza

Diski zilizobaki majumbani mwetu huku ni za aina chache zinazojulikana. Za matanga na za harusi ndizo nyingi: kuanzia Siaya hadi Vihiga, mpiga video alikuwa akikuletea DVD kwenye kasha lenye picha ya marehemu au ya maharusi, na kuna familia ambazo sauti ya babu iko hapo tu, hakuna nakala nyingine popote. Kuna DVD za kwaya. Kuna CD za benga. Kuna CD za picha kutoka studio, za miaka ile kamera za dijitali zilipoingia. Kuna za hospitali. Na kuna rundo la CD za printa na modemu, ambazo unaweza kuzitoa kwenye hesabu sasa hivi, kwa sababu programu ya printa unaipakua kwenye tovuti ya mtengenezaji, na Windows yenyewe huwekwa kwa flashi ya GB 8.

CD hubeba MB 700. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, ya matabaka mawili GB 8.5. Hizi zote zinasomwa na draivu yoyote ya DVD. Blu-ray, ambayo hubeba GB 25 au 50, haisomwi nayo hata kidogo. Kama sandukuni hakuna diski hata moja yenye nembo ya Blu-ray, mstari wa Blu-ray kwenye jedwali langu ufute.

Halafu jiulize: unataka kusoma tu, au pia kuchoma? Anayetaka kuhamisha video za familia kwenda kwenye hadi diski (hard disk) anahitaji kusoma tu. Mwanafunzi ambaye idara yake bado inataka tasnifu kwenye CD anahitaji kuchoma CD. Mpiga video ambaye wateja wake wazee wanataka kitu cha kuweka kwenye deki anahitaji kuchoma DVD. Hizo ni kazi tatu tofauti, na si kila draivu inazifanya zote.

Ya nje, ya USB

Kwa wengi wenu ni hii. Unaichomeka, Windows inaitambua yenyewe, hakuna cha kusakinisha, na kesho itatumika kwa laptopu ya shemeji. Hata ukibadilisha mashine, draivu inabaki. Majina yenye sifa nzuri ni LG, ASUS, Dell na HP, na kusema kweli tofauti kati yao kwa mtumiaji wa kawaida ni ndogo. Mtego uko kwingine.

Mtego wa kwanza ni neno "Combo". Draivu iliyoandikwa hivyo, au "DVD-ROM/CD-RW", inasoma DVD na kuchoma CD basi. DVD haichomi. Kwa macho inafanana kabisa na ile ya "DVD Writer" au "DVD-RW", umbo lilelile, rangi ileile, na kwenye duka lenye haraka zinachanganywa. Soma karatasi iliyobandikwa chini ya draivu yenyewe. Kisanduku kinaweza kuwa cha nyingine.

Mtego wa pili, na huu ndio unaowaponza watu wengi kuliko yote, ni umeme. Draivu hizi nyembamba hazina adapta ya ukutani. Zinakula umeme wa laptopu kupitia USB. Tundu la USB 2.0 linahakikishiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Draivu inapoanza kuzungusha diski, na zaidi inapochoma, inaweza kutaka ampea nzima au zaidi. Tundu likishindwa, dalili ni hizi: taa inawaka na kuzima, mota inaanza kulia kisha inakata, diski inasomwa leo kesho haisomwi, au draivu inatoweka kabisa kwenye orodha katikati ya kuchoma na DVD yako tupu inageuka takataka. Mwenye nayo anarudi dukani akilalamika kwamba draivu ni mbovu, muuzaji anaichomeka kwenye kompyuta yake kubwa ya mezani, inafanya kazi kama kawaida, na ugomvi unaanza hapo.

Dawa si ngumu. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishe kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Tumia tundu la USB 3.0 kama lipo. Mara nyingi ndani yake ni buluu. Chomeka pia chaja ya laptopu unapochoma. Na ukipata draivu yenye kebo ya vichwa viwili, kimoja cha data na umeme na kingine cha umeme tu, usikikate hicho cha pili wala kukitupa ukidhani ni cha ziada. Kwenye laptopu kuukuu ndicho kinachoiokoa.

Mtego wa tatu ni maandishi makubwa ya "USB 3.0" yanayopandisha bei. Draivu nyembamba ya DVD inafika kasi ya 8x. 1x ya DVD ni takriban MB 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo 8x ni kama MB 11. USB 2.0 inapitisha zaidi ya MB 30 kwa sekunde bila kutoka jasho. Yaani USB 3.0 haiongezi kasi ya DVD hata chembe. Faida yake pekee ni ule umeme wa ziada, na hata huo unatoka kwenye tundu la laptopu, si kwenye maandishi ya kisanduku. Kuna hata draivu za bei ya chini ambazo kichwa cha kebo ni cha buluu na ndani kila kitu ni USB 2.0. Usilipie rangi.

Wa nne: kasha jipya, roho ya zamani. Baadhi ya draivu zisizo na jina ni draivu za laptopu zilizokufa, zimetolewa, zimefutwa vumbi na kuvalishwa plastiki mpya. Si lazima ziwe mbaya, lakini lenzi ya leza iliyokwisha fanya kazi miaka mingi haina maisha marefu mbele, na hupaswi kuilipia bei ya mpya. Ukishaichomeka, fungua orodha ya vifaa vya Windows utazame jina linalojitokeza. HL-DT-ST ni Hitachi-LG. TSSTcorp ni Toshiba Samsung. MATSHITA ni Panasonic. Kisanduku kikisema jina moja na Windows ikisema jingine, hiyo pekee si ushahidi, maana Dell na HP nazo hutengenezewa draivu na kampuni kama hizi, lakini ni sababu ya kuuliza maswali.

Kuhusu umbo: zipo za trei na zipo za kumeza diski kwa mdomo mwembamba. Chukua ya trei. Ile ya kumeza inapendeza, lakini diski ikikwama hakuna pa kuivutia, na vile vidiski vidogo vya sentimita 8 havifai kuingizwa humo. Ya trei ina kitundu kidogo mbele. Nyoosha kipini cha karatasi, sukuma humo, trei inafunguka hata bila umeme. Trei yenyewe ni dhaifu, kwa hiyo iegemeze kwa vidole chini unapobonyeza diski katikati mpaka isikike "tak". Diski ambayo haijaingia vizuri kwenye kile kikonyo cha katikati ndiyo inayokwaruzwa.

Wenye Mac: Apple SuperDrive ni nzuri kwenye Mac, lakini kwenye Windows inasumbua, na kichwa chake ni cha USB ya zamani ile pana, kwa hiyo Mac za USB-C zinahitaji adapta. Draivu ya kawaida ya LG au ASUS hufanya kazi kwenye Mac na Windows zote. Kama laptopu yako ina USB-C pekee, nunua adapta ndogo ya moja kwa moja, au draivu inayokuja na kebo ya USB-C. Usiipitishe kwenye vile vigawanyio vyenye HDMI na kila kitu. Tatizo la umeme litakufuata huko.

Ya ndani

Hii ni ya mwenye laptopu ya zamani ambayo draivu imeacha kusoma. Ipo faida: hakuna kebo ya kuning'inia, umeme haukatizwi, na draivu zilizotumika hupatikana kwa mafundi kwa pesa kidogo, maana wanazitoa kwenye mashine zilizovunjika kioo.

Lakini pima kabla hujatoa pesa. Draivu za ndani zina unene wa aina mbili kuu, milimita 12.7 na milimita 9.5. Ya 12.7 haiingii kwenye nafasi ya 9.5 hata umlilie fundi. Ya 9.5 inaingia kwenye nafasi ya 12.7 lakini itacheza ndani na uso wake hautaziba. Rula ya shule inatosha kupima. La pili ni soketi: laptopu za zamani sana zilitumia IDE, zilizofuata zinatumia SATA ile fupi, na hizo mbili haziingiliani. Angalia nyuma ya draivu yako. Ukiona soketi moja pana yenye pini nyingi ndogondogo, ni IDE. Ukiona vijisoketi viwili bapa, kimoja kirefu kidogo kuliko mwenzake, ni SATA.

Kwa laptopu nyingi kazi yenyewe ni skrubu moja chini, mara nyingine ina alama ya diski pembeni yake. Zima, toa chaja, toa betri, fungua skrubu, vuta draivu kwa upole nje. Kisha uhamishe vitu viwili kutoka ile mbovu hadi nzuri: uso wa plastiki wa mbele, ambao umekatwa kufuata umbo la laptopu yako, na kile kipande cha chuma cha nyuma kinachoshika skrubu. Mafundi wa haraka husahau uso, na mteja anarudi nyumbani na laptopu yenye pengo.

Na hapa niseme neno ambalo wauza draivu hawatalipenda. Kama laptopu yako bado ina hadi diski ya kuzunguka, ile nafasi ya DVD ina kazi bora kuliko DVD. Weka SSD, hifadhi ya kasi isiyozunguka, mahali pa hadi diski, nayo hadi diski ihamie kwenye fremu (caddy) inayokaa kwenye nafasi ya draivu, nayo inauzwa kwa unene uleule wa 9.5 au 12.7. Mashine inawaka kwa sekunde, na nafasi ya kuhifadhi haijapungua. Draivu uliyoitoa haitupwi, kwa maana kuna kasha za USB za kuivalisha ikawa ya nje. Kasha ni rahisi kuliko draivu mpya, nayo ni njia ambayo watu wengi hawaifikirii hata pale laptopu yao ya zamani imekufa kwenye kabati ikiwa na draivu nzima ndani.

Blu-ray

Kwa kifupi, hapana, isipokuwa una sababu. Draivu ya Blu-ray husoma pia CD na DVD, kwa hiyo mtu hushawishika kwamba anajinunulia ya kesho. Kesho yenyewe inafifia: Sony waliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodi Februari 2025. Filamu za Blu-ray zina ulinzi ambao VLC, programu ya kuchezea video, haiufungui hivihivi, unahitaji programu ya kulipia. Na zile za 4K zina sharti jingine la ajabu: programu zake zilitegemea kipengele cha Intel kiitwacho SGX, ambacho kimeondolewa kwenye prosesa za Core kuanzia kizazi cha 11. Laptopu mpya zaidi inashindwa na kazi ambayo ya zamani iliiweza.

Anayefaidika ni mtu wa studio anayetaka kuhifadhi GB 25 kwa diski moja, na hata yeye ningemwambia aangalie bei ya hadi diski mbili za nje kwanza, moja ya kutumia na moja ya kufungia kabatini. Kama hoja yako ni diski inayodumu, kuna M-DISC, ambayo haitumii rangi ya kikaboni kama diski za kawaida za kuchoma. Draivu kadhaa za LG za DVD, za bei ya kawaida, zinaichoma, mradi nembo ya M-DISC iwe kwenye draivu, na kuisoma baadaye unaweza kwa draivu yoyote ya DVD.

Kupeleka saiba

Kama una CD moja ya hospitali na DVD mbili za harusi, tafuta saiba au studio yenye draivu nzima, nenda na flashi, maliza. Karibu kila mji wa huku, Kakamega, Busia, Nakuru, Kisii, una mtu wa kazi hiyo. Kununua kifaa cha elfu tatu kwa kazi ya nusu saa si lazima.

Ila simama karibu wakati wa kunakili, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika. DVD ya video ina folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake video imekatwa katika faili za VOB, kila moja isiyozidi GB 1. Kijana mwenye haraka ananakili ile ya kwanza anayoiona, nayo mara nyingi ni menyu tu: wimbo, picha ya maharusi, basi. Unafika nyumbani unaona sherehe imeishia kwenye jina la bwana harusi. Mwambie anakili folda yote ya VIDEO_TS, kisha muifungue kwa VLC mkiwa pale pale, mruke hadi mwisho muone kama inacheza.

CD ya hospitali inataka uangalifu zaidi. Picha za CT na MRI ziko katika muundo wa DICOM, na mara nyingi diski ina faili iitwayo DICOMDIR, folda ya picha, na programu ndogo ya Windows ya kuzitazamia. Vyote hivyo vinategemeana, kwa hiyo nakili diski nzima jinsi ilivyo, usichague faili. Usipige picha kioo kwa simu na kuituma ukadhani umemaliza. Daktari wa Eldoret au Nairobi anayezisubiri anataka kupitisha kipande baada ya kipande na kubadilisha mwangaza mwenyewe. Picha ya simu haimsaidii. Kwenye Mac ile programu ya diski haitafunguka, itabidi utafute ya kutazamia DICOM kwenye Mac. Na kumbuka jina la mgonjwa, umri wake na ugonjwa wake viko humo ndani. Hakikisha nakala haijabaki kwenye kompyuta ya saiba, na ikiwezekana nenda na flashi tupu, maana virusi vya saiba navyo hupenda lifti.

Mwenye diski ishirini na kuendelea asihangaike na saiba. Nunua ya nje, ukae nazo jioni kwa jioni.

Kwenye kaunta

Iwe unanunua Oginga Odinga Street au kwenye kibanda cha Kondele, nenda na laptopu yako na diski tatu: CD iliyochomwa, DVD ya video, na DVD tupu. Muuzaji atakuambia, "Omera, hii ni original kabisa, tazama hata kisanduku." Mjibu tu kwa upole, "Sawa mkubwa, tuichomeke basi." Akikataa kukuruhusu upime, mshukuru uende duka la pili.

Diski tatu si za maringo. CD inasomwa kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa leza ya nanomita 650, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki hai. Draivu inayocheza DVD vizuri mbele yako inaweza kukataa CD ya hospitali nyumbani. Kuchoma nako kunahitaji nguvu ya leza kuliko kusoma, ndiyo maana ile tupu ni muhimu.

Usitosheke na kuona diski imefunguka. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo mwanzo wa video uko ndani na mwisho uko nje, na draivu dhaifu hushindwa huko nje. Nakili DVD nzima kwenye laptopu, dakika kumi na kitu hivi, na usikilize. Mvumo wa kupanda taratibu ni sawa. Ukisikia inapanda, inashuka, inapanda tena, kisha "tik, tik, tik", draivu inatafuta njia na haioni. Jaribu diski nyingine kabla ya kuihukumu, kwa kuwa diski chafu nayo hufanya hivyo. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe.

Mwishowe tikisa kidogo kichwa cha kebo pale kinapoingia kwenye draivu. Ikikatika hapo, na kebo imeunganishwa moja kwa moja isiyoweza kutolewa, iache. Nazipenda zaidi zile ambazo kebo inachomoka, kwa sababu kebo ndiyo inayokufa kwanza.

Ukishafika nayo nyumbani

Windows tangu toleo la 8 haichezi DVD za video yenyewe. Watu hudhani draivu ni mbovu kumbe ni programu. Weka VLC, ni ya bure. Kama jamaa wa Uingereza au Marekani wanakutumia DVD za filamu, jua kuna maeneo: Kenya iko eneo la 5, Uingereza la 2, Marekani la 1. Draivu inakuruhusu kubadilisha eneo mara tano, kisha inajifunga hapo ilipo. Usikubali kila inapokuuliza. DVD za matanga na harusi za kuchomwa hazina kizuizi hicho.

Ukichoma diski ya kumpa mtu, Windows itakuuliza uitumie kama flashi au kwa ajili ya vichezaji vya CD na DVD. Chagua la pili, hata kama ni hati tu, ndipo itafunguka kwenye mashine nyingi. Kwa deki ya zamani ya nyumbani, kutupia faili ya MP4 kwenye DVD hakutoshi. Inatakiwa igeuzwe kuwa DVD ya video, na DVDStyler hufanya hivyo bila malipo. Mimi hutumia DVD-R na kuchoma kwa 4x badala ya 8x kwa ajili ya deki hizo kuukuu. Inachukua muda zaidi, lakini malalamiko ni machache.

Kuhusu kuagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, kwa sababu ni nafuu kidogo: kwa draivu yenye jina, mpya, yenye risiti na waranti, sawa, basi la usiku litakuletea. Kwa ile isiyo na jina, tofauti ya mia tatu inaliwa na nauli ya kuirudisha kilomita zaidi ya 300, na muuzaji wa kule hatakuwa na haraka yoyote ya kupokea simu yako. Nunua ile unayoweza kuipima, na ambayo mwenye duka utampata palepale Jumatatu ikikugomea Jumapili.